Dhaifu kwa Nani? Chanjo Hai ya Tauni Ikitazamwa Kutoka Bukoba na Muleba

Mwaka 1897 daktari wa jeshi la Wajerumani aliyeitwa Zupitza alipelekwa Kiziba, magharibi mwa Ziwa Viktoria, kuchunguza maradhi ambayo wenyeji waliyaita rubwunga. Panya walianza kufa katika migomba na ndani ya nyumba za msonge, kisha zamu ikawafikia watu: homa kali, mitoki ya kinena au ya kwapa, na kwa wengi kifo ndani ya siku chache. Sampuli zilimfikia Robert Koch, ambaye wakati huo alikuwa Dar es Salaam baada ya kutoka Bombay kwenye tauni iliyokuwa ikiitikisa India, naye akathibitisha kuwa ugonjwa ni ule ule. Mwaka 1898 aliwaeleza wenzake Ujerumani kwamba Kiziba na Uganda ni makao ya kudumu ya tauni, ya kuhesabiwa pamoja na yale ya Asia. Kwa Waganda hilo halikuwa jipya; walikuwa na kaumpuli, ugonjwa uliokuwa na mzimu wake, kabla ya darubini yoyote kufika ziwani. Kiziba leo imo katika Wilaya ya Missenyi, lakini kwa muda mrefu ilihesabiwa ndani ya Bukoba, na njia za biashara, ndoa na misiba zinazoiunganisha na Bukoba hadi Muleba hazijakatika.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa chanjo hai ya tauni, yaani ile inayotengenezwa kwa bakteria wazima waliopunguzwa makali, mara nyingi huendeshwa kana kwamba mahali hapana uzito. Huulizwa kama bakteria amedhoofika vya kutosha. Ni nadra kuulizwa amedhoofika kwa nani. Hoja yangu ni kwamba swali hili la pili ndilo linaloamua. Udhaifu wa bakteria hauko ndani yake peke yake. Uko kati yake na mwili unaompokea, na mwili huo una historia. Bukoba na Muleba zina historia ya afya inayolionyesha jambo hili kwa uwazi ambao maabara ya ng'ambo, yenye wanyama wa aina moja na wajitoleaji vijana wenye afya tele, haiwezi kuuonyesha. Sisemi chanjo hai iachwe. Nitaonyesha kuwa ina ushahidi ambao washindani wake hawana. Ninachopinga ni kuipima kwa miili ya watu wengine kisha kuileta kwetu kama bidhaa iliyokwisha kuthibitishwa.

Wazo la kukinga mwili kwa kimelea hai kilichodhoofishwa si geni Kagera, mkoa wenye Bukoba na Muleba. Mtoto anayezaliwa leo huchomwa BCG kwenye bega la kulia, na kovu linalobaki ni alama ya bakteria hai, ndugu wa kifua kikuu cha ng'ombe aliyehamishwa kutoka chupa hadi chupa nchini Ufaransa kuanzia 1908 hadi 1921, mpaka akapoteza makali. Mifugo nayo ina zake. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe inayotumika sehemu kubwa ya Afrika, T1/44, ilitokana na kimelea kilichopatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kupitishwa mara 44 katika mayai ya kuku yenye viinitete. Wafugaji wanaijua tabia yake: hukinga, ila baadhi ya ng'ombe huvimba vibaya mahali pa sindano. Faida ya chanjo za namna hii ni kwamba kimelea hai hukaa mwilini kwa muda, huzaliana kidogo, huonyesha sehemu zake nyingi kwa pamoja, na kuamsha kinga ya seli pamoja na ya damu. Bakteria aliyeuawa kwa joto au dawa huonyesha maganda tu. Waldemar Haffkine alijidunga chanjo ya tauni ya bakteria waliouawa huko Bombay Januari 1897, miezi michache tu kabla ya Zupitza kutumwa Kiziba, na chanjo za ukoo huo zilitumika karne nzima. Zilipunguza tauni ya mitoki kwa kiasi. Dhidi ya tauni ya mapafu, ile inayoambukizwa kwa kikohozi na kuua karibu kila asiyetibiwa, hazikuwa na la kujivunia.

Chanjo hai ya tauni yenye sifa kubwa zaidi ilizaliwa kwa jirani zetu wa bahari. Tauni ilifika Madagaska kwa meli mwaka 1898, na mwaka 1921 ikafika Antananarivo, nyanda za juu, ambako haijaondoka hadi leo. Mwaka 1926 Georges Girard wa Taasisi ya Pasteur mjini humo alipata bakteria kutoka kwa mgonjwa ambaye herufi za jina lake, E.V., ndizo zilizobaki kuwa jina la chanjo. Yeye na mwenzake Jean Robic walimhamisha bakteria huyo kwenye vyakula vya maabara kwa miaka, katika joto la kawaida la chumba, hadi akaacha kuua simbilisi (guinea pig) wa maabara lakini akaendelea kuwakinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watu walianza kuchanjwa, na kampeni kubwa ikafuata. Karibu wakati huo huo Louis Otten huko Java alikuwa na aina yake, Tjiwidej, iliyopoteza makali yenyewe maabara, na mamilioni ya watu wakachanjwa. Katika visiwa vyote viwili vifo vya tauni vilipungua sana miongoni mwa waliochanjwa. Muungano wa Kisovyeti ulichukua EV, ukaiendeleza, na Urusi inaitumia mpaka sasa katika maeneo yenye tauni ya porini kama milima ya Altai.

Ushahidi huo una madoa. Kampeni za Madagaska na Java ziliendeshwa na serikali za kikoloni zilizoweza kuamuru, na makundi ya kulinganisha hayakugawanywa kwa bahati nasibu kama tunavyodai leo. Katika miaka hiyo hiyo nyumba ziliboreshwa na panya wakawindwa, hivyo si rahisi kutenga mchango wa sindano. Kinga nayo haikudumu. Warusi hurudia chanjo kila mwaka, na homa pamoja na uvimbe wa mkono ni mambo ya kawaida. Hata hivyo ukiweka madoa yote mezani, linabaki jambo ambalo hakuna mtengenezaji wa chanjo mpya anayeweza kulisema kuhusu bidhaa yake: chanjo hii iliwahi kukutana na tauni halisi, katika vijiji halisi, na watu wengi zaidi wakabaki hai. Chanjo za kisasa zimepimwa kwa panya, nyani, na kiwango cha kingamwili katika damu ya wajitoleaji.

Tatizo linaanza tunapouliza EV alidhoofika vipi. Girard hakujua; jibu lilipatikana miongo kadhaa baadaye. Bakteria huyo amepoteza kipande kimoja kirefu cha vinasaba, na ndani ya kipande hicho kulikuwa na kifaa anachotumia kunyakua madini ya chuma mwilini. Bakteria karibu wote wanahitaji chuma, na mwili wa binadamu hukificha kwa makusudi, ukikifunga ndani ya protini. Bakteria wa tauni mwenye kifaa hicho hukiiba; asiye nacho hufa njaa. Kipande kikishatoka chote hakirudi, kwa hiyo ile hofu ya zamani kwamba bakteria wa chanjo atageuka na kurudisha makali yake haina nguvu hapa. Lakini tazama udhaifu huo umeegemea nini. Umeegemea ubahili wa mwenyeji. Mgeni aliyenyang'anywa kijiko hana madhara katika nyumba ya mchoyo. Akiingia kwa mkarimu anayelisha kwa mkono, atashiba. Mwaka 2009 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago alikufa kwa bakteria wa tauni mwenye upungufu huu huu, aina ambayo sheria za Marekani zilikuwa zimeiondoa katika orodha ya vimelea hatari. Uchunguzi ulionyesha kuwa alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaojaza chuma mwilini, naye mwenyewe hakuujua. Baadaye panya waliobadilishwa vinasaba wawe na chuma kingi walidungwa bakteria wa namna hiyo, naye akawaua.

Wala kisa cha Chicago si cha pekee. Mwaka 1974 kundi la Karl Meyer huko California lilichapisha matokeo ambayo kichwa chake peke yake kingetosha kuwa onyo: EV haikuwadhuru simbilisi, lakini ilikuwa na makali kwa nyani, tena nyani wenyewe ni tumbili, wale wale wanaovamia mashamba yetu. Zaidi ya miaka 20 baadaye watafiti wa Uingereza walitengeneza bakteria wa tauni asiyeweza kujitengenezea viambata fulani vya lazima, mbinu iliyokwisha kuzaa matunda kwa bakteria wa homa ya matumbo. Akadhoofika kwa simbilisi, akabaki muuaji kwa panya wa kawaida wa maabara. Matokeo haya mawili yanatosha kuvunja dhana ya kuwa kuna kipimo kimoja cha udhaifu kinachofaa miili yote. Ikiwa panya na simbilisi, wanyama wanaofanana kwa macho ya mtu asiye mtaalamu, wanatofautiana hivyo, kuna sababu gani ya kuamini kwamba mtu mzima mwenye afya wa Moscow au Oxford anamwakilisha mama wa Kamachumu, Muleba?

Hapa mpinzani mwenye akili atasema: ule ugonjwa wa chuma wa kurithi ni wa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na badiliko la kinasaba linaousababisha ni adimu sana Afrika. Ni kweli. Lakini chuma hakifiki mahali pabaya kwa njia ya urithi peke yake. Muleba imekuwa miongoni mwa wilaya zilizoelemewa zaidi na malaria Tanzania, kiasi cha kuchaguliwa kwa majaribio makubwa ya vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani. Matokeo ya jaribio la vyandarua vyenye kiambata cha PBO lililofanyika huko yalibadili ushauri wa Shirika la Afya Duniani, nayo yakachapishwa 2018. Malaria hupasua chembe nyekundu za damu na kumwaga chuma chake, na ndiyo maana watoto wenye malaria hupatwa kwa urahisi na bakteria wa damu, hasa jamii ya homa ya matumbo. Ongeza selimundu, iliyoenea Kanda ya Ziwa, ambayo wagonjwa wake huongezewa damu mara kwa mara na kulimbikiza chuma kila wanapoongezewa. Ongeza pia vidonge vya madini chuma tunavyowapa wajawazito na watoto. Jaribio la Pemba lililochapishwa 2006 liliwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki kwa nia njema kabisa. Likasimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa vifo na kulazwa hospitalini viliongezeka kwa asilimia 12 badala ya kupungua. Njia moja huenda imefungwa kwetu: kusini mwa Afrika pombe za kienyeji zilizopikwa katika vyungu vya chuma ziliwajaza wanywaji madini hayo hadi ini likaharibika, ilhali lubisi ya Wahaya huvundikwa katika mtumbwi wa mti. Kwa mara moja mnywaji wa lubisi ana cha kujitetea mbele ya daktari.

Kisha kuna UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Uchunguzi wa 1987 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika mji wa Bukoba ana virusi. Kufikia 1996 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi takriban asilimia 13, na kimeendelea kushuka tangu hapo. Dawa za kufubaza virusi zimerudisha kinga ya maelfu ya watu. Hata hivyo huu ni mkoa ambao mtengenezaji wa chanjo yoyote hai anapaswa kuufikiria kwanza, kwa sababu ushahidi wote mkubwa wa EV, kuanzia Madagaska hadi nyika za Asia ya Kati, ulikusanywa miongoni mwa watu ambao UKIMWI haukuwa umewafikia. Tunajua kilichotokea kwa BCG. Kwa miongo ilihesabiwa miongoni mwa chanjo salama kabisa duniani, mpaka utafiti wa Afrika Kusini ulipoonyesha kuwa karibu mtoto 1 kati ya 100 wenye VVU wasiotibiwa alipata ugonjwa wa BCG uliosambaa mwilini. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likashauri watoto wa namna hiyo wasichanjwe. Mwaka 2018 likalegeza, kwa wale ambao tayari wako kwenye dawa na hali yao imetulia. Kati ya miaka hiyo miwili bakteria wa BCG hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mwili uliompokea.

Tena lipo jambo dogo ambalo sijaliona likipewa uzito unaostahili. Watu wengi wenye VVU, hasa wanaoanza matibabu au walio na kinga ndogo, hupewa Septrini kila siku kuzuia maambukizi nyemelezi. Septrini huua bakteria wa tauni, na kwa hiyo huua bakteria wa chanjo pia. Ukimchanja mtu huyu, huenda ukamlinda dhidi ya madhara ya chanjo huku ukimnyima kinga yake, na cheti chake kikasomeka sawasawa na cha jirani aliyekingwa kweli. Tatizo hilo hilo linakuja kwa upana zaidi mlipuko unapotokea. Aliyekutana na mgonjwa wa tauni ya mapafu hupewa doksisaiklini siku hiyo hiyo, na ni sahihi apewe; ila dozi hiyo inaifuta chanjo hai yoyote atakayodungwa wiki hiyo. Maana yake chanjo hai ya tauni haiwezi kuwa silaha ya kuzima moto uliokwisha kuwaka. Ni ya kutolewa mapema, kwa wahudumu wa afya, wataalamu wa maabara na watu wanaoishi kwenye makao ya tauni, kabla ya panya kuanza kufa. Anayeiuza kama kinga ya dharura anauza kisichokuwapo.

Sasa, kama mashaka ni mengi hivi, kwa nini tusiachane nayo na kusubiri chanjo za vipande, zisizo na kiumbe hai ndani? Zipo, na zinakwenda mbele. Nyingi zimejengwa juu ya protini mbili: F1, ambayo ni koti la nje la bakteria, na V, kijembe anachotumia kuzima kinga. Chuo Kikuu cha Oxford kilianza mwaka 2021 kuwajaribu watu wazima 40 kwa chanjo inayobeba maelekezo ya protini hizo ndani ya virusi visivyozaliana. Hazina hatari ya Chicago. Zina hatari nyingine, ya kutegemea alama mbili tu. Wapo bakteria wa tauni wasiovaa koti la F1 na bado wanaua. Na kinga ya damu peke yake, pasipo ya seli, imewaangusha baadhi ya nyani waliojaribiwa kwa tauni ya mapafu. Bakteria hai huufundisha mwili alama nyingi kwa pamoja, na adui akivua moja zinabaki nyingine. Kwa eneo letu hili lina uzito wa ziada. Tauni ya kale ya Maziwa Makuu ni ya tawi ambalo René Devignat, akifanya kazi Kongo, aliliita Antiqua mwaka 1951, tofauti na tawi lililosambazwa na meli ambalo ndilo lililozaa EV. Tofauti kati yao ni ndogo, nami sitaikuza; lakini ukitafuta chanjo ya bakteria ambao hujawapima wote, wingi wa alama ni bima nzuri kuliko uchache wake.

Na wale wanaosema dawa zinatosha? Kwa tauni ya mitoki iliyogunduliwa mapema wanasema kweli: streptomaisini, jentamaisini na doksisaiklini huponya. Madagaska mwaka 2017 ilikuwa na dawa hizo zote, ikapata wagonjwa 2,417 na vifo 209, wengi wao wakiwa na tauni ya mapafu, kwa sababu tauni hiyo ikipita takriban siku moja bila tiba, dawa humkuta mgonjwa amechelewa. Na mwaka 1995 kisiwa hicho hicho kilitoa bakteria wa tauni mwenye ukinzani kwa dawa kadhaa kwa pamoja, zikiwemo zile za mstari wa kwanza. Hakuenea. Lakini alionyesha kuwa inawezekana.

Njia iliyo mbele, kwa maoni yangu, ni kuacha kutafuta bakteria dhaifu na kuanza kuchagua udhaifu wenyewe. Mbinu zipo. Bakteria wa tauni anapokuwa ndani ya kiroboto huvaa mafuta ya aina moja kwenye ukuta wake; akiingia katika mwili wenye joto la nyuzi 37 hubadilisha mafuta hayo yawe ya aina ambayo kengele za kinga haziisikii. Mwaka 2006 watafiti walimpa kinasaba kutoka kwa bakteria mwingine kinachomzuia kubadilisha. Kengele ikalia mara moja, panya wakaishi, na wakapata kinga kali. Taasisi ya Pasteur ya Paris imechukua njia nyingine, ya kutumia babu wa bakteria wa tauni, mdudu wa tumboni asiye mkali, aliyepunguzwa makali zaidi na kuvishwa koti la F1, ili chanjo inywewe badala ya kudungwa, jambo ambalo kwa zahanati yenye muuguzi mmoja lina maana kubwa. Kila mbinu imeegemea kitu tofauti katika mwili. Kunyima chuma kumeegemea ubahili wa mwili. Kubadili mafuta kumeegemea kengele za awali za kinga. Kuondoa viambata vya chakula kumeegemea uhaba wa viambata hivyo katika damu. Kwa hiyo chanjo inayofaa watu wa Muleba inahitaji udhaifu usiopungua wawili, kila mmoja umeegemea nguzo tofauti, ili mwili uliopoteza nguzo moja kwa malaria, kwa kuongezewa damu au kwa VVU, bado uwe na ya pili. EV, pamoja na sifa zake zote, imesimama juu ya moja.

Pingamizi kubwa zaidi halihusu maabara. Kagera ya leo haina mlipuko wa tauni. Kwa nini isumbuliwe na majaribio ya ugonjwa wa mababu? Nalikubali nusu. Kampeni ya kuchanja watu wote Bukoba na Muleba kwa sasa ingekuwa upuuzi, tena wenye madhara, kwa kuwa chanjo yenye F1 huacha kingamwili zile zile ambazo wachunguzi hutumia kujua kama tauni imepita kijijini. Lakini makao ya tauni hulala, hayafi. Lushoto ilishtukia tauni mwaka 1980 na ikaendelea kuzika watu kwa zaidi ya miaka 20. Ituri, ng'ambo ya Uganda, haijatulia hadi sasa. Homa ya Marburg ilipotangazwa Bukoba Machi 2023, wagonjwa 9 na vifo 6, na iliporudi Biharamulo Januari 2025, ilizimwa pasipo chanjo yoyote, kwa kufuatilia waliokutana na wagonjwa na kwa maabara kuwa karibu. Wapo wanaotumia mafanikio hayo kusema chanjo ni anasa. Nayasoma vingine: yanaonyesha kuwa mkoa una watu na nidhamu ya kufanya utafiti mgumu, na kwamba wa kwanza kufa katika milipuko ya namna hii mara nyingi ni mhudumu wa afya, yule yule ambaye chanjo ya mapema ingemfaa.

Utafiti huo hauwezi kufanyika bila kukumbuka nani aliwahi kuufanya hapa. Karibu miaka 10 baada ya rubwunga kuthibitishwa, Koch mwenyewe alifika ziwani kwa ajili ya malale, na msaidizi wake Kudicke akaendesha kambi Kigarama, Kiziba. Dawa waliyoitumia, atoksili, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa kabla dozi haijapunguzwa. Huko Manila mwaka 1906 wafungwa 24 wa gereza la Bilibid walidungwa chanjo ya kipindupindu iliyoingiwa na bakteria hai wa tauni, na 13 kati yao wakafa; daktari aliyehusika, Richard Strong, alikuwa akiwajaribia wafungwa chanjo hai ya tauni miaka hiyo hiyo. Tanzania ya sasa ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na hakuna kambi inayofunguliwa kwa amri ya bwana mkubwa. Lakini ulinzi wa karatasi una mwanya wake: itifaki nyingi huwatenga wenye VVU, wajawazito na wenye selimundu kwa jina la usalama, kisha chanjo ikipita inafika kwenye zahanati ambako watu hao hao wanasubiri kwenye benchi. Kuwatenga katika jaribio na kuwajumuisha katika matumizi ni kuhamisha hatari kutoka kwa mtafiti kwenda kwa muuguzi wa kijiji.

Kazi ya kwanza haihitaji bakteria hata mmoja. Vituo vya tiba na matunzo Bukoba na Muleba tayari vinachukua damu ya watu wenye VVU kwa ratiba. Kliniki za selimundu na za wajawazito vilevile. Kupima akiba ya chuma katika sampuli hizo, kwa ridhaa ya wenyewe, msimu wa mvua malaria inapopanda na msimu wa kiangazi inaposhuka, kungetoa ramani ya miili ambayo chanjo hai itakutana nayo. Watengenezaji wangeambiwa ni udhaifu upi wasiutegemee kabla hawajatumia fedha kuujenga, na wataalamu wa tauni wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliozoea kuwafuata panya na viroboto Lushoto na Mbulu, wangeweza kuweka mitego Kiziba na kando ya ziwa wakati huo huo, ili ramani ya watu isomwe pamoja na ya panya.